Haisomeki

Jumatatu yangu ya kwanza nakabidhiwa njia namba saba:
daftari, tochi, chuma cha kufunulia vifuniko.
"Mtaa wote umeizunguka bustani," anasema Sizya wa ofisini.
"Nawe zunguka. Usikate katikati.
Ukikata katikati hutoki."

Oktoba, Tabora. Jua limeripoti kazini kabla ya karani.
Mchanga umeingia kwenye raba na kukaa, kama mgeni aliyekuja na mkeka wake.

Mita ya Mama Kalunde iko chini ya gunia la mkaa.
Mwangaluka, nasema. Anaitika, analisogeza gunia kwa mguu,
mikono haiachi kupima matobolwa kwa kikombe cha bati.
Mwezi mzima, uniti tatu.
"Viazi naoshea bustanini," anasema, wala hainamishi macho.

Mita ya Hamduni, fundi redio, imefugwa na buibui.
Redio sita zinasema kwa mpigo mmoja:
mpira, kaswida, bei ya tumbaku, tanzia,
mawifi sita kwenye kikao, hakuna anayemngoja mwenzake.
"Maji? Mimi hunywa kule."
Bisibisi yake inaelekea kwenye miti.

Saluni ya Shinuna: ndoo nane,
vichwa vitatu vimevaa povu, cha nne kinasubiri.
Uniti mbili.
Napangusa kioo, nasoma tena.
Uniti mbili.

Nyumba kwa nyumba namba zimelala
kama watoto wanaosingizia usingizi:
ukiinama, kope zinacheza.

Saa sita na robo nakata katikati.

Kumbe mtaa haukuizunguka bustani.
Mtaa umo humu.
Wanafunzi wa uuguzi wamejilaza nyasini, wanatajiana mifupa,
mmoja amekwama kwenye kifundo cha mguu na anakikagua cha kwake.
Mpiga picha ametundika shuka lenye mlima wa theluji;
mbele yake bwana mmoja amevaa koti la kuazima, jasho linamtiririka
na anaombwa atabasamu kama mtu anayesikia baridi.
Matarumbeta ya harusi ya Jumamosi yanafanya mazoezi,
yanakosea mahali palepale, kwa uaminifu.
Binti anamfundisha mama yake pikipiki. "Breki, mama! Breki!"
Mama anapiga honi.
Na abiria wa treni iliyokwama tangu jana
wamelala juu ya mizigo yao, wananukia mawese na dagaa,
Kigoma nzima imejinyoosha kivulini.

Kisha bomba. Moja tu.
Foleni ya madumu, masufuria, chupa, viganja.
Nyuki wamekaa kwenye mdomo wake, nao wana kiu,
na hakuna anayewafukuza: kila mtu hukinga kwa chini kidogo.

Mita iko hatua mbili nyuma, kwenye kisanduku kisicho na mlango.
Kigurudumu chekundu kinakimbia
kama mtu aliyeacha chungu jikoni.
Kila ndoo ya Shinuna imo. Kila kiazi.
Nimesimama na kalamu, foleni imenyamaza,
hata matarumbeta, sijui kwa nini, yamepita salama pale yanapokoseaga.

Daftari lina alama zake:
moja, geti limefungwa; mbili, mbwa mkali; tatu, haisomeki.

Nafunua kurasa za nyuma, nione wenzangu waliona nini.
Machi: tatu. Februari: tatu.
Mwaka juzi, wino wa kijani: tatu.
Miandiko mitano, labda sita,
na chini kabisa, kwenye ukurasa ulioliwa na mende,
tatu nene yenye kitambi, naijua,
ndiyo iliyosaini barua yangu ya ajira, tarehe tatu:
ya Sizya.

Kioo kilikuwa safi. Nasema ukweli, kilikuwa safi.

Nimekinga viganja, kwa chini kidogo,
nimekunywa, nyuki mmoja akinipitia kidoleni.
Kisha nikajifuta mkono kwenye sketi,
nisije nikalowesha ukurasa.